Sura ya Sita: Sikukuu Pili Huko Kansanga

Kilima cha Old Kampala, mahali alipopiga kambi Kapteni Frederick Lugard mnamo Desemba 1890, akiwa na askari wachache na kundi kubwa la wapagazi wa pwani nyuma yake, hakikupata kusifika kwa tafrija. Kilisifika kwa ngome yake. Kwa bunduki ya Maxim iliyotumika tarehe 24 Januari 1892 katika vita vya Mengo. Kwa nyumba ya makumbusho iliyoanzia ndani ya ngome hiyo mwaka 1908 kabla ya kuhamishiwa kwingine. Na katika zama zetu kwa msikiti wa taifa, ambao ujenzi wake ulianzwa katika enzi ya Idi Amin, ukakaa gofu miaka mingi, mpaka Libya ya Muammar Gaddafi ilipougharimia ukakamilika na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Lakini watu waliozaliwa katika mitaa inayokizunguka kilima hicho, wajukuu wa wapagazi Waswahili, wa askari Wanubi na wa wafanyabiashara waliotoka Bara Hindi, na sasa pamoja nao jamaa wengi waliokimbia vita vya Kongo, wamekuwa siku zote na namna yao ya kufurahi, na namna hiyo ilikuwa na siku zake maalumu, nazo ni siku za Idi.

Baada ya sala watoto walitoka makundi kwa makundi, wavulana kwa kanzu na kofia za viua, wasichana kwa nguo zilizotoka kwa mshonaji usiku uliopita, wakapita nyumba kwa nyumba katika Rashid Khamis Road na Martin Road kutoa salamu na kupokea mkono wa Idi; na zile sarafu, kabla jua halijawa utosini, zilikwisha kugeuka barafu za rangi, kababu, zamu ya baiskeli ya kukodi, au zamu ya pembea ya kamba iliyofungwa na kijana fulani juu ya tawi la mwembe. Tafrija hiyo haikuwa na lango. Mtoto asiye na sarafu alisimama pale pale penye mwembe, akasukuma wenzake, na mwisho akapandishwa kwa hisani. Nimeitaja desturi hii mwanzo kwa sababu hitilafu zote za rai nitakazozisimulia katika sura hii, ambazo zilizuka katika ahali yangu mwenyewe baada ya safari yetu ya kwanza kwenye bustani ya michezo yenye mitambo, ukizifuata mpaka chini utakuta asili yake ni hapo penye mwembe.

Bustani yenyewe ipo Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba, ukiisha kupita Nsambya na Kabalagala. Jina lake siku hizi ni Wonder World, ingawa walioijua zamani wangali wanaiita Didi's World. Kwa kizazi kizima cha watoto wa Kampala, pale ndipo walipoliona kwa mara ya kwanza gurudumu la angani, na vigari vya kugongana, na treni ndogo ya kuzunguka uwanja. Sisi tulichelewa kufika, si kwa sababu ni mbali, maana kutoka kilimani petu ni mwendo wa taksi tu, bali kwa sababu wakubwa wa nyumba walikuwa wameamua tangu zamani kwamba furaha inayouzwa kwa tiketi haiwahusu watu wa mtaa wetu. Watoto, ambao huona katika simu mambo ambayo wazee wao hawakuyaona hata katika ndoto, hawakukubaliana na uamuzi huo, wakadai, wakabembeleza, mpaka sikukuu pili ya mwaka mmoja tukafunga safari.

Kabla ya kutoka, Bibi yetu, ambaye majirani Waganda humwita Jjajja, aliwapanga watoto barazani kama wanafunzi, akashika kalamu ya wino, akaandika nambari ya simu ya mjomba upande wa ndani wa mkono wa kila mmoja, karibu na kiwiko, mahali ambapo jasho haliwahi kufuta. Kisha akawaambia: “Ukipotea usikimbie. Kaa chini hapo hapo ulipo, na ukimwona mama mwenye watoto, mwoneshe mkono wako.” Sijasoma katika kitabu chochote shauri jema kuliko hilo mintarafu ya kuwatoa watoto kwenda penye umati, wala sijapata kumsikia mtaalamu aliyelisema kwa maneno machache hivyo.

Mjomba ni fundi wa magari katika soko la Kisekka, na fundi hawezi kuutazama mtambo kwa macho ya burudani. Tulipofika penye gurudumu la angani yeye hakutazama juu kama sisi wengine; alitazama chini, penye mhimili na karanga zake, akasogea penye kibanda kilichosimama, akaishika pini inayofunga kile chuma cha kuwazuia abiria, akaivuta na kuirudisha, ndipo akawapa watoto ruhusa. Baadaye alinivuta mkono akanionesha jambo ambalo nisingeliona peke yangu. Kijana aliyekuwa akipakia watu hakujaza vibanda kwa kufuatana. Alijaza kimoja, akalizungusha gurudumu nusu, akajaza kinachokabiliana nacho, akarudi tena upande wa kwanza, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa maana uzito ukikaa upande mmoja mota hulemewa wakati wa kupandisha na breki hulemewa wakati wa kushusha. Watu waliokuwa wakingoja hawakufahamu kwa nini wamerukwa, wakanung'unika. Mjomba aliwaeleza kwa Kiganda na kwa Kiswahili, kwa bashasha ambayo sikuijua kwake, na tangu saa hiyo yeye, aliyekuja kwa shingo upande, akawa wa mwisho kutaka kuondoka.

Mtambo huo una nasaba ndefu, na yafaa msomaji aijue. Gurudumu la kwanza la ukubwa wa kustaajabisha lilijengwa na mhandisi Mmarekani, George Ferris, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893. Lilikuwa na kimo cha karibu mita 80 na vibanda 36, na kila kibanda kiliweza kuchukua watu 60. Bustani zenyewe ni za zamani zaidi, kwani ile ya Tivoli katika mji wa Copenhagen ilifungua milango yake mwaka 1843 na ingali wazi hata leo. Lakini bustani ya namna hii tunayoizungumza, iliyozungukwa na uzio pande zote na kupangwa tangu langoni hata mwisho kana kwamba ni nchi mbali, ilipata sura yake kamili tarehe 17 Julai 1955, pale Walt Disney alipofungua Disneyland huko Anaheim, California. Siku hiyo mambo hayakwenda sawa: watu waliingia kwa tiketi za bandia, na lami ilikuwa haijakauka hata visigino vya viatu vya wanawake vikazama ndani yake. Mwenyewe alipata kusimulia kwamba wazo lilimjia alipokuwa akiwapeleka binti zake kupanda farasi wa kuzunguka, naye hana la kufanya ila kuketi kwenye benchi na kuwatazama. Akatamani pawe na mahali ambapo mzazi na mtoto watafurahi pamoja. Nililikumbuka simulizi hilo nilipomwona Bibi ameketi kivulini, mkoba mapajani, ameinua uso juu.

Lakini Bibi hakuwa na huzuni ya benchi. Nilipomwuliza kama hachoki, alinijibu kwamba yeye amekuja kutazama watu, na watu wapo maridhawa. Na kwa hakika walikuwapo. Sikukuu pili katika bustani ile ni jamhuri nzima ya Waislamu wa Kampala imejaa mahali pamoja, na wasio Waislamu wengi wamo, maana likizo ni ya wote: mabusuti yanayometameta, mabaibui, suruali za vijana wa Kisenyi, lugha za Kisomali, Kinubi, Kiganda na Kiswahili cha kila upande. Jirani yetu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, ambaye alikuja na wanawe kwa mwaliko wa shangazi, alisimama penye vigari vya kugongana akiwatazama wakigongana na watoto wasiowajua, wakicheka kwa sauti ambayo mimi sijapata kuisikia nyumbani kwao. “Leo batoto banacheka mpaka bananisahau,” alituambia. Hakutoa rai nyingine siku ile wala baadaye, na katika rai zote nilizozikusanya hiyo ndiyo niliyoithamini zaidi.

Palikuwa na jambo moja lililomliza mdogo wetu wa kiume. Penye mtambo mmoja wa kasi pana ubao uliochorwa mstari, na mtoto asiyefikia mstari huo haruhusiwi kupanda. Alisimama mbele ya ubao akanyoosha shingo. Akainuka kwa vidole vya miguu. Mlinzi, bila ukali, akamwekea kiganja begani akamrudisha kwenye visigino. Nywele zake zilifika chini ya mstari kwa upana wa kidole. Shangazi akataka kumsihi mlinzi, kwa hoja ya kwamba kidole kimoja si kitu, na kwamba sikukuu ni sikukuu. Mjomba akamkataza kwa neno zito, akisema kwamba chuma cha kumzuia abiria kimetengenezwa kwa mwili wa kimo fulani, na mwili ulio mdogo kuliko huo huteleza chini yake wakati mtambo unapogeuka. Mimi ni upande wa Mjomba bila shaka yoyote. Katika miji yetu kanuni nyingi zimewekwa ili zinunuliwe, na watu wamezoea kuisihi kila kanuni kana kwamba ni mtu mwenye moyo wa kulainika; mtoto akiiona siku moja kanuni isiyosihika, iliyowekwa kwa ajili ya uhai wake mwenyewe, amepata elimu ambayo shule haikumpa, hata akiipokea kwa machozi.

Hapo niseme neno juu ya jambo la huzuni, ambalo mtu anayeandika juu ya tafrija katika mji wa Kampala hana ruhusa ya kulipita. Usiku wa kuamkia mwaka 2023, katika jumba la Freedom City, barabara ya Entebbe, umati uliokuwa ukienda kutazama fataki ulisongamana njiani, na watu wasiopungua 9 wakafa, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Waliuawa na msongamano tu, pasipo moto wala mtambo kuanguka. Tangu siku ile mzazi mwenye busara akiingia mahali pa umati hutazama milango kabla hajatazama michezo: mingapi, ipo wapi, na je, yafunguka kuelekea nje? Bibi alifanya hivyo bila kuambiwa. Tulipoingia aliuliza pa kutokea ni wapi, akatuongoza wote tukapatazama, na akaagiza kwamba tutaondoka jua lingali juu, kabla umati wote haujageukia lango kwa pamoja. Watoto walilalamika, tukaondoka.

Siku ya pili yake, baada ya chai, baraza lilikaa, na rai zikaanza kugongana vikali kuliko vile vigari.

Binti mkubwa wa shangazi alisema, kwa heshima lakini bila kuficha, kwamba bustani ile ni ndogo. Dada yake anafanya kazi Abu Dhabi, naye humpelekea picha za Ferrari World, iliyofunguliwa mwaka 2010, ambako gari la reli huenda kwa kasi ya kilomita 240 kwa saa, na watu hupewa miwani ya kukinga macho. Aliyekwisha kuona hayo, hata kama ni katika kioo cha simu, atalionaje gurudumu la Kansanga? Sikumlaumu. Ni msiba wa kizazi chake kuonjeshwa mwisho wa kila kitu kabla ya mwanzo wake. Hata hivyo nilimwuliza swali moja: huyo dada yake, aliye karibu na mtambo ule, amepata kuupanda? Akanyamaza kidogo, akasema dada hupewa siku moja ya mapumziko, na siku hiyo hulala.

Mjomba na vijana walihitilafiana juu ya tiketi. Bustani za ulimwengu zina mila mbili: kulipia kila mchezo peke yake, au kulipa mara moja langoni na kucheza utakavyo. Disneyland yenyewe kwa miaka mingi iliuza vitabu vya tiketi zenye madaraja kwa herufi, daraja la chini kwa michezo ya upole na la juu kwa ile ya kutisha, mpaka mwaka 1982 vitabu hivyo vilipoachwa. Mjomba alisifu mila ya kwanza, kwa kuwa mtoto mwenye sarafu chache hujifunza kuchagua, na mzee asiyepanda kitu halipii vitu asivyovipanda. Vijana walisifu ya pili, na hoja yao ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia: walisema palipo na malipo ya kila mchezo, ndugu wa baba mmoja huwa matajiri na maskini ndani ya saa moja, huyu kapanda mara nne na huyu anahesabu, bali aliyekwisha kulipa langoni hana tena daraja. Nakubali kwamba ndani ya uzio hao vijana wana insafu upande wao. Lakini tuliokuwa tukisikiliza tulijua kwamba Bibi hajasema, na kwamba neno lake halitakuwa la ndani ya uzio.

Bibi alisema hivi: amefurahi, na amemshukuru Mungu kwa afya ya kufika. Lakini aliporudi jioni aliwakuta watoto wa nyumba ya nyuma wameketi kwenye ukingo wa mfereji na nguo zao za Idi, wala hawakuja kumsalimu kama ilivyo ada, kwa kuwa waliona aibu. Wakubwa wao hawakuwa na nauli, seuze tiketi. Katika ujana wake, alisema, hapakuwa na mtoto wa mtaa aliyejua kwamba sikukuu imefanyika mahali pengine bila yeye. Akaniuliza mimi, madhali naandika vitabu, nimwambie ule mwembe umekwenda wapi.

Mwembe ulikatwa kwa ajili ya nyumba ya maduka. Jawabu hilo fupi lina tarehe ndefu nyuma yake, na ndilo linaloniuma hasa katika jambo hili zima. Uwanja wa Katiba, katikati ya mji, ambao wenyeji wangali wanauita City Square, ulilindwa na polisi kwa miaka kadhaa baada ya maandamano ya 2011, raia asiruhusiwe hata kukaa majanini kula karanga. Bustani ya Centenary, iliyotengwa kwa kuadhimisha miaka 100 ya mji, ilijaa mikahawa na mabaa mpaka bustani ikawa ni jina tu. Viwanja vilivyobaki vingi ni vya shule au vya watu. Mji ulioacha ardhi yake ya bure iliwe kidogo kidogo haupaswi kushangaa kuwa lango la Kansanga hufurika siku za Idi na Krismasi. Wala si haki kulilaumu lango hilo, ambalo limefanya kazi iliyoachwa na wengine. Siwapingi wenye bustani za tiketi. Mitambo ina gharama, fundi wake hula, na chuma kisichotunzwa huua. Ninachokitaka, na nitakitaka katika kila sura ya kitabu hiki, ni kwamba tiketi isiwe ndiyo njia pekee ya mtoto wa Kampala kupanda juu akautazama mji wake.

Ndipo yule mdogo, aliyekataliwa na ubao, akaingilia kati mazungumzo ya wakubwa, akauliza kwani mnara wa msikiti si mrefu kuliko gurudumu. Watu wakacheka, lakini Bibi hakucheka. Alimkanya kwamba mnara wa kuadhinia haufananishwi na pembea. Hata hivyo ukweli ni kwamba wageni kutoka kila nchi hupanda ngazi za mnara ule, zaidi ya 300, wanawake wamevikwa shuka na mitandio kwa staha, ili wavione vilima vya Kampala pande zote: Namirembe na kanisa lake, Rubaga na lake, Kibuli na msikiti wake, Mengo ya Kabaka, Makerere, na chini kabisa mapaa ya mabati ya kwetu. Watoto wetu, waliozaliwa chini ya mnara huo, hawakuwa wamepata kuupanda hata mmoja. Tuliona haya. Jumamosi iliyofuata Mjomba aliwakusanya, wakiwamo wale wa nyumba ya nyuma, akawapandisha, na huyo mdogo hakupimwa na mtu. Bibi aliridhia safari hiyo kwa sharti kwamba isiitwe mchezo.

Juu ya mwaka ujao hatujaafikiana. Shangazi ameanzisha upatu wa nyumba kadhaa za mtaa, ile ya nyuma ikiwamo na ya mama wa Kikongo pia, kila nyumba ikiweka kidogo kila wiki, ili sikukuu pili ijayo tukodi taksi nzima na asibaki mtoto kwenye ukingo wa mfereji. Vijana wanataka Kansanga tena, na mdogo anawaunga mkono, maana anajipima ukutani kila Ijumaa. Bibi anataka Entebbe, kwenye makazi ya wanyama yaliyoanza mwaka 1952 kwa kuwalea wanyama yatima, na kwenye bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1898 kando ya ziwa, mahali ambapo watu hutandika mkeka na kula pilau yao wenyewe. Mjomba anasema fedha zikitosha twende Mombasa, tukawaoneshe watoto bahari walikotoka babu zao. Shangazi anamjibu kwamba fedha haziwezi kutosha, na kwamba yeye ndiye mwenye daftari.